Migahawa mipya mtaani, tuandikieni bei tunayokwenda kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, nataka kuongea na wenye migahawa hii mipya inayofunguliwa kila kukicha mitaani kwetu, na kama kuna mtu wa TRA au wa Tume ya Ushindani anasoma gazeti lako basi na yeye inamhusu. Ombi langu ni moja tu, andikeni kwenye menyu bei ambayo mteja anaenda kuilipa. Mnaweka bei ya kuvutia pale juu halafu chini kabisa, kwa maandishi ya kusoma na miwani, kuna kanyota kanasema bei hizi hazina VAT wala sevisi chaji. Jamani.

Mi naishi Kijitonyama. Zamani migahawa ya aina hii ilikuwa ya Masaki na Oysterbay, ukitaka kwenda unajua kabisa leo naenda kwa wenye nazo, unajipanga. Sa hivi imevuka barabara ya Ali Hassan Mwinyi imekuja kwetu, Kijitonyama, Sinza, hadi Mwenge huko, nyumba ambayo juzi tu ilikuwa ya familia, wazee wakafariki watoto wakahamia Goba na Madale, leo imevunjwa ukuta wa mbele, imepigwa rangi nyeusi, imewekewa viti vya kamba na majani ya plastiki ukutani na taa yenye maneno ya Kizungu ya watu kupigia picha. Sina neno na hilo. Vijana wanapata ajira, mtaa umechangamka, na wali maharage tumeula sana, mtu anatamani siku mojamoja abadilishe. Na huu mgahawa ninaousema chakula chao kizuri, tena kizuri haswa, pweza wa nazi waliyemleta alikuwa laini mpaka mama yangu ambaye meno hayampi ushirikiano alimmaliza, na mama ni mtu wa Tanga, kwenye pweza humdanganyi.

Tulienda kwa sababu ya mdogo wangu. Kapata kazi ya kueleweka baada ya kusota sana na bahasha, mshahara wa kwanza ulipoingia akasema lazima amtoe auti mama, na mimi na shemeji yake tumsindikize. Mnajua kijana anavyokuwa siku kama hiyo, hataki kabisa kusikia habari ya kuchangia. Menyu yao alikuwa ameshaiona kwenye simu, kapiga hesabu zake, kajua nikiwa na laki na thelathini nimetoboa na hela ya bajaji ya kumrudisha mama inabaki.

Kwanza hiyo menyu yenyewe. Hakuna karatasi. Mezani kuna kibao cha mbao chenye QR kodi, unatoa simu, unaskani, unatumia bando lako mwenyewe kusoma bei za kwao. Mama ana kitochi. Akabaki anatutazama tulivyoinamia simu wote watatu, mwisho akauliza, "Kwani tumekuja kula au tumekuja kuchati?" Ikabidi mke wangu amsomee, sasa kumsomea mtu mzima menyu pamoja na bei zake ni mtihani, kila ukitaja bei anakwambia mi maji yatanitosha mwanangu. Wazee wengi wanaletwa na watoto wao sehemu hizi, chapeni hata nakala chache za karatasi ziwepo kaunta, gharama yake haifiki sahani moja ya mishkaki yenu.

Tukaagiza. Pweza 28,000, nusu kuku wa kuchoma 24,000, mishkaki 22,000, biriani 20,000, na juisi ya ukwaju glasi nne kila moja 6,000. Jumla 118,000. Dogo anatabasamu, anamuuliza mama kama anaongeza kitu. Muziki ulikuwa juu mno lakini hilo nalipita, NEMC, wale wa mazingira, wameshafungia mabaa kwa ajili ya kelele na bado watu hawasikii.

Bili ikaja ndani ya kakitabu ka ngozi: 153,164.

Dogo hakusema kitu. Akaisoma, akairudia, akafungua tena menyu kwenye simu alinganishe. Kumbe juu ya ile 118,000 wameweka sevisi chaji ya asilimia 10, yaani 11,800, ikawa 129,800, halafu juu ya hiyo yote wakapiga VAT ya asilimia 18 ambayo ni 23,364. Ukiziweka pamoja ni karibu asilimia 30 juu ya bei uliyoiona, kwa hiyo yule pweza wa 28,000 kumbe ni wa 36,344 na hakuna mahali popote kwenye menyu ilipoandikwa hiyo namba. Mi nikajifanya naenda kunawa, nikamvuta weita pembeni nikamalizia kilichopungua mama asione, kwa keshi, maana mashine ya kadi nayo ilikuwa inatafuta mtandao. Dogo alijua lakini. Njia nzima kwenye bajaji alikuwa kimya, mama anamshukuru yeye anajibu ndio mama, ndio mama.

Najua wapo watakaosema si imeandikwa, kwa nini hamkusoma. Imeandikwa ndio, mwisho kabisa baada ya kurasa za mvinyo, na kwa Kiingereza. Familia inayokunywa ukwaju inaenda kutafuta nini kwenye kurasa za mvinyo?

Tuje kwenye VAT. Sina ugomvi nayo, ni kodi ya serikali, asilimia 18 huku Bara kila mtu anaijua. Lakini mwenye mgahawa naye anaijua, tena anaijua tangu siku anapanga bei, haimdondokei wakati wa bili. Ingia supamaketi yoyote hapa mjini, bei iliyobandikwa kwenye shelfu ndo unayolipa kaunta, halafu risiti ndo inakuchambulia kwamba humo ndani kodi ilikuwa kiasi gani. Na hesabu yetu sisi ilikuwa nyepesi kuliko zote, 118,000 ingekuwa bei kamili basi 18,000 ya serikali na 100,000 ya mgahawa, imenyooka yenyewe. Haiwatoshi? Pandisheni bei. Semeni pweza ni 36,000 wazi wazi, mi nitaamua mwenyewe niingie au niende zangu kwa mama ntilie pale Makumbusho ambaye akikwambia bei ya wali samaki ndo hiyohiyo, na pilipili anakuongezea bure. Hebu fikiria konda wa daladala akutajie nauli ya LATRA, halafu kituoni akudai na hela ya kufunguliwa mlango, si gari zima litamshukia?

Sevisi chaji ndo kabisa. Hii serikali haihusiki nayo, ni hela ambayo mgahawa wenyewe umeamua kuichukua, ila kwa vile kwenye bili inakaa jirani na VAT watu wengi wanadhani zote mbili zinaenda TRA. Ukiuliza unaambiwa ni ya wahudumu. Nina jirani aliwahi kuwa weita kwenye hoteli moja ya maana tu, ananiambia kwao ilikuwa inakusanywa mwezi mzima, halafu zinakatwa glasi zilizovunjika, zinakatwa bili za wateja waliokimbia, kinachobaki ndo wanagawana na karatasi ya hesabu hawaonyeshwi. Sijui kama wote wako hivyo. Binti aliyetuhudumia sisi alikuwa na adabu sana, alimwamkia mama, akamtafutia mto wa kuegemea bila kuombwa, mke wangu akamuuliza, "Mdogo wangu, hii asilimia kumi mnapewa kweli?" Akacheka, akageuka kuangalia kaunta, akasema, "Dada, ukiwa na chochote we nipe mkononi." Tukampa. Kwa hiyo huduma moja tumeilipia mara mbili, na wa kulipwa hajui ile ya kwanza ilikoenda.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike, maana bila hiki ningenung'unika tu nyumbani yakaisha. Kile kikaratasi kinacholetwa kwenye kakitabu ka ngozi sio risiti, ni bili imetoka kwenye kompyuta yao. Risiti halali ni ya mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya risiti za kodi, hizi mashine zipo tangu 2010 sio kitu kigeni, juu inaanza na maneno START OF LEGAL RECEIPT, ina TIN, yaani namba ya mlipakodi, ina VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, na chini ina namba ya uhakiki na QR ambayo unaweza kuihakiki TRA hapohapo mezani kabla soda haijapoa gesi. Ukikuta kwenye VRN pameandikwa NOT REGISTERED ujue huyo hajasajiliwa VAT, na asiyesajiliwa haruhusiwi kukutoza VAT hata shilingi, akikutoza hiyo ni ya mfukoni kwake. Na sheria inamtaka mnunuzi naye adai risiti yake, kwa hiyo mtu asikuone mkorofi.

Nikadai. Weita akasema mashine ina shida. Akaja meneja, kijana mstaarabu tu, mashine ikapona, risiti ikatoka, VRN ipo kabisa, wamesajiliwa. Jumla ya risiti: 139,240. Nikashika risiti mkono huu na bili mkono huu, bili inasema 153,164. Nikamuuliza bosi, hii 13,924 iko wapi? Akanijibu hiyo ni sevisi chaji, ni mambo ya ndani, haiingii kwenye mashine. Lakini sevisi chaji ilikuwa 11,800. Inabaki 2,124, na 2,124 ni asilimia 18 ya 11,800 bila kuzidi wala kupungua. Maana yake wamenitoza VAT juu ya sevisi chaji, wameiandika VAT kwenye bili yao, halafu kwenye risiti ya serikali haipo. Nikamuonyesha kwenye kikokotoo cha simu, akaangalia, akasema atawasiliana na mhasibu. Hela yenyewe ndogo, hata vocha ya wiki haifiki. Ila chukueni meza zote zilizokuwa zimejaa ule usiku, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi wanasubiri nafasi, halafu mzidishe wenyewe.

Jina la mgahawa silitaji maana sitaki yule binti akose kazi kwa ajili ya barua yangu, na pia sidhani kama wako peke yao, jamaa zangu kazini nilipowasimulia kila mmoja alikuwa na bili yake ya kusimulia, na karibu wote risiti hawakudai kwa sababu walikuwa wameenda na watu wanaowaheshimu, hutaki kuonekana unagombania hela mbele ya mkwe. Hapo ndo tunapokamatwa.

Kwa watu wa Tume ya Ushindani, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei. Mimi sio mwanasheria lakini bei ambayo hakuna mteja hata mmoja anayeweza kuilipa akaondoka, kwangu mimi hiyo ni kupotosha. Msiniambie kudhibiti menyu ni kazi ngumu. Mwaka 2025 zilitoka kanuni za kukataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni humu nchini, na sisi wenyewe tumeona mahoteli yaliyokuwa yanaandika dola yakibadilisha menyu na ubahili wao wote wa kuchapisha. Hii ya QR ndo rahisi zaidi, ni mtu anakaa kwenye kompyuta anabadilisha namba, jioni imeisha. TRA nao wapite usiku wakae kama wateja, waagize ukwaju wao, wadai risiti, walinganishe na bili. Wasiende na fulana za kazi.

Na kama kuna mwenye mgahawa mwenye sababu ya msingi ya kwa nini bei kamili haiwezi kukaa kwenye menyu, Mhariri naomba umpe nafasi na yeye ajibu humuhumu gazetini, tena aanze na hiyo 2,124.

Msomaji wako,
Mkazi wa Kijitonyama,
Dar es Salaam