Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wetu: tunaomba ukumbi ufunguliwe

Ndugu Afisa Utamaduni,

Yah: Ombi la kufunguliwa ukumbi siku za Jumanne na Alhamisi jioni

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa heshima. Barua mbili za mwanzo nilizileta ofisini kwako kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninazo. Hii ya tatu naiandika mbele za watu kwa sababu Alhamisi iliyopita binti wa kikundi chetu ameshonwa nyuzi sita mguuni. Mimi ndiye niliyempakata kwenye bajaji mpaka hospitali, kitenge changu cha kuchezea nimekifunga kwenye jeraha na damu inapita.

Tangu ukumbi ufungwe, mazoezi tunafanyia juu ya jiwe, huku mlimani kwetu. Mwanza unaijua. Ukitafuta mahali tambarare pasipo na nyumba, gereji wala uzio, utazunguka mpaka giza likukute. Jiwe letu ni pana, lakini limeinama upande wa ziwani, na siku hiyo mvua ya rasharasha ilikuwa imepita saa 10. Sisi tunacheza bugobogobo, ngoma ya kilimo ya Wasukuma, na bugobogobo ni jembe. Unalizungusha, unalirusha, linageuka hewani, unaudaka mpini likishuka, na miguu haisimami kwa sababu ngoma haisimami. Binti alirusha vizuri kabisa. Alipopiga hatua ya kulifuata akakanyaga ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe wakati wa mvua, akaenda chini, jembe likamshukia juu ya mguu, karibu na kidole gumba. Ana miaka 19. Asubuhi anauza vitumbua, na tangu siku hiyo hajauza hata kimoja. Fedha ya matibabu tumechangishana sisi wenyewe, wengine 2,000, wengine 1,000.

Kwenye sakafu ya ukumbi asingeteleza. Nimeirudia sentensi hiyo usiku kucha, nami naomba uisome mara mbili.

Labda hutukumbuki vizuri, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ni fundi cherehani mjini. Nakaa kwenye mashine kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, na ngoma nimeicheza miaka 14. Hakuna anayenilipa na sijawahi kudai kulipwa. Tuko 17. Kuna kaka anayepakua dagaa mwalo wa Kirumba, wawili wanaendesha bodaboda, mmoja mwalimu wa shule ya msingi, dada mmoja ni msusi, na wengine wanahangaika na chochote siku inacholeta. Tunakutana saa 12 jioni, kila mtu amechoka kwa namna yake. Ngoma ikianza, mgongo wangu uliokufa kwenye cherehani unafufuka. Mume wangu huniuliza ninapata nini huko. Nimekwisha kumjibu: napata mwili wangu.

Ngoma hii nilirithi kwa babu yangu kule Magu, ambaye alikuwa wa Bagika, mojawapo ya pande mbili za wachezaji ngoma wa Kisukuma; upande wa pili ni Bagalu. Alinisimulia walivyokuwa wakilima: watu wanajipanga mstari mmoja shambani, ngoma inapigwa pembeni, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na eneo ambalo mtu mmoja angelilima siku kadhaa linaisha kabla jua halijawa kali. Ndiyo maana mpaka leo tunacheza na jembe mkononi. Na wewe unajua, maana ni kazi yako kujua, kwamba mwezi wa 6 kuna Bulabo, tamasha la mashindano ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora. Bagika na Bagalu wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na watu wake, na watazamaji ndio waamuzi: watu wakihama kwako kwenda kwa mwenzako, umeshindwa. Mambo hayo hayaandaliwi kwa wiki moja juu ya jiwe linaloteleza. Padri David Clement alitoka Kanada, akaikuta ngoma Usukumani, akaipa nafasi mpaka kwenye sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Huyo alikuwa mgeni. Sisi tunaomba kwa mwenyeji.

Mwezi wa 7 mwaka jana uliita kikao cha vikundi vya sanaa. Ulisimama mbele yetu ukasema maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari langu la vipimo, yako hapo mpaka leo, juu ni kiuno cha mteja na chini ni mabega ya mwingine: "Mlango wangu uko wazi, na ukumbi ni wenu." Tulipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele.

Mwezi wa 11 tulikuta kufuli jipya. Hakuna barua, hakuna simu. Ngoma zetu mbili zilizokuwa stoo zilikuwa zimetolewa na kuwekwa kibarazani, mahali ambapo bati limetoboka, na ilikuwa msimu wa vuli. Ngoma kubwa ilikuwa imekaa kwenye maji. Sijui kama umewahi kushika ngoma iliyolowa. Ngozi inalegea, inakuwa baridi kama samaki, ukiigonga inajibu kama gunia la pumba. Tuliwasha moto wa nyasi kavu na maboksi, tukaikausha kwa kuizungusha pembeni, kidogo kidogo, maana ukiisogeza sana inapasuka. Ilichukua jioni tatu. Mpigaji wetu, mzee ambaye sijawahi kumwona akilalamika, aliigonga kwa kiganja, akasikiliza, akaiweka chini bila kusema neno. Sauti yake ya zamani haijarudi. Ngozi mpya pamoja na kuwamba tumeambiwa 85,000.

Kwa nini tulifungiwa? Sina jibu la ofisi yako, kwa hiyo nabaki na maneno ya watu. Mlinzi alituambia kuna waliolalamika wakiogopa nyoka. Ndugu Afisa, wanaocheza na chatu ni Bayeye, nao ni wenzetu tunaowaheshimu, lakini sisi hatujawahi kuingiza humo mnyama yeyote. Wengine wanasema majirani wamechoka na kelele. Mimi nadhani ni mapato. Ukumbi sasa unakodishwa kwa harusi, sendofu na vikao, na ninaelewa kwamba halmashauri lazima ikusanye. Lakini nani anaoa Jumanne? Juzi nilipita pale saa 1 usiku nikachungulia dirishani: viti vimepangwa, giza, hakuna mtu.

Halafu mkitutaka mnatupata. Mwezi uliopita simu ilinikuta saa 4 usiku: kesho kuna mgeni mkubwa, saa 1 asubuhi muwe uwanjani na mavazi kamili. Tulikuja wote 17. Mwalimu aliomba ruhusa, mimi nilifunga kazi nikiwa na nguo za wateja wawili ambazo hazijaisha. Tulisimama juani mpaka saa 8. Mgeni alipofika tulicheza dakika nne, tukaonyeshwa kwa mkono tukae pembeni. Tulipewa chupa moja moja ya maji. Nauli ya 5,000 kwa kila mtu, tuliyoahidiwa kwa simu hiyo hiyo, hatujaiona.

Tulijaribu pia mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, usio na riba. Tulitaka kununua ngozi na spika moja. Dirishani tuliambiwa ngoma si mradi. Nilirudi nyumbani nikashindwa hata kukata kitambaa.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na madai mengi: nauli zetu 85,000, ngozi ya ngoma ambayo kwa bahati gharama yake ni hiyo hiyo, matibabu ya binti, na mkopo. Yote ni haki yetu na siyafuti. Lakini nayaweka pembeni leo, kwa sababu nikiyapanga yote utachagua lile gumu na kunijibu kwamba bajeti haitoshi. Ninaloomba halina bajeti. Fungua ukumbi Jumanne na Alhamisi, saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku. Tutafagia. Umeme wa saa hizo mbili tutalipia. Ukipata harusi siku hiyo, tuambie mapema, tutapisha. Kama kuna kosa tulilofanya, tuite utuambie usoni, mimi nitakuja na kuomba radhi kwa niaba ya wote.

Binti ameniuliza jana kama tutampa mtu mwingine nafasi yake kwenye Bulabo. Nimemwambia hapana, atapona. Hajaniuliza tutafanyia wapi mazoezi, na nilishukuru kwamba hakuniuliza.

Kesho ni Jumanne. Saa 12 jioni tutakuwa mlangoni pa ukumbi na ngoma zetu mbili, ile nzima na ile iliyolowa. Naomba umpe mlinzi ufunguo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani, mchezaji wa bugobogobo
Mwanza