Barua ya wazi kwa vijana waigizaji wa Dodoma: balozi wa nyumba kumi naye ni mtu

Wanangu, mbukwenyi.

Nawaandikia hasira ikiwa bado kifuani. Nikisubiri ipoe nitaanza kuwabembeleza, na ninyi mmeshabembelezwa vya kutosha.

Mwezi uliopita tulikwenda kuigiza kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Mchezo ulikuwa wa mjane anayenyang'anywa shamba la zabibu na shemeji zake. Katikati anaingia balozi wa nyumba kumi na barua mkononi. Sentensi zake ni nne tu. Anabisha hodi, anasalimia, anatoa barua, anamwambia mjane asome mwenyewe kwa sababu yeye mdomo unakuwa mzito. Basi, anatoka. Ila hapo ndipo mchezo unapogeuka. Kabla ya balozi, mama yule ana shamba. Balozi akitoka, hana.

Kijana tuliyempa nafasi hiyo akaingia na miwani ya jua, suruali ameivuta mpaka kifuani, anaongea kile mnachokiita lafudhi ya Kigogo, ambayo mimi sijawahi kuisikia kwa Mgogo yeyote. Akaongeza na utani wa ugoro. Watoto wakacheka, bodaboda waliosimama nyuma wakapiga honi. Dada aliyeigiza mjane machozi yalishaanza kumtoka, akabaki anamtazama mwenzake, hajui aingilie wapi. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akajifunga vizuri kanga yake, akabeba kigoda chake, akaondoka. Hakusonya wala hakusema neno. Alikuwa amekuja kuona habari ya shamba, akakuta anachekwa yeye.

Nilipomvuta kijana pembeni akanijibu kwa adabu zote: "Mama, nafasi yenyewe ndogo, nikaona niichangamshe."

Nani aliwaambia kuna nafasi ya kuchangamshwa? Kila anayekuja mazoezini anataka kuwa steringi. Mkisoma skripti mnahesabu mistari yenu kama mwenye duka anavyohesabu madeni, halafu mnanuna. Steringi hafi, mnasema. Sawa, hafi. Lakini anayemfanya tumwogopee ni nani? Ni adui, ni mama wa kambo, ni mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Mtoeni mwenye nyumba muone kama steringi wenu hatakaa kitandani akichezea simu filamu nzima.

Mimi sijawahi kuwa steringi. Nimekuwa mama mkwe, mganga, jirani mbeya, muuza gongo, na maiti mara nyingine. Pale soko la Majengo muuza mchicha mmoja alikataa kuniuzia kwa jinsi nilivyomtesa mkwe wangu kwenye tamthilia. Nikahamia meza ya pili, na yule dada wa meza ya pili naye akanipimia kafungu kadogo.

Wenzangu wengi wameijenga kazi yao kwenye nafasi hizo mnazozidharau. Mzee Jengua, aliyetutoka Desemba 2020, watu walimjua kwa wazee wakali. Akitokea tu mlangoni, kabla hajasema neno, mtazamaji anakaa vizuri kwenye kiti. Na ninyi ambao umri umesogea kidogo, mnamkumbuka Mkwaju wa Twende na Wakati, yule dereva wa lori wa kwenye redio? Mchezo ule ulianza kurushwa mwaka 1993. Sisi wa Dodoma tulinyimwa mpaka 1995, kwa sababu watafiti walitaka eneo lisilousikia ili walinganishe kama kweli unabadilisha watu kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kituo chetu kikawa kinarusha vipindi vingine saa hiyohiyo. Ulipotufikia, watu vijiweni walikuwa hawamzungumzii mtenda mema yeyote. Walimzungumzia Mkwaju. Mwenye dosari zake, aliyeigizwa na mtu aliyeikubali dosari ile bila kuionea haya na bila kuitania.

Sasa nirudi kwenye lafudhi, maana hapo ndipo paliponiuma. Wengi wenu ni watoto wa Bahi, wa Kongwa, wa Mpwapwa. Babu zenu ni hao hao. Halafu mkipewa Mgogo wa kuigiza, mnaleta shuka iliyochanika, fimbo, na mkono umenyooshwa kuomba. Filamu zetu zimemfanya Mgogo ombaomba au mlinzi wa geti kwa miaka, na anayeandika vile mara nyingi hajawahi kulala Dodoma usiku mmoja. Yeye namsamehe kidogo. Wewe uliyezaliwa Chamwino nikusamehe kwa lipi? Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa hapa hapa, alichukua zeze na ilimba, ala zetu za asili, akaenda nazo mpaka Ulaya, akazipiga kama zinavyopigwa nyumbani. Wazungu walikaa kimya kumsikiliza.

Mnataka kumjua mzee wa Kigogo? Nendeni mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, na msiende kula nyama choma tu. Simameni karibu na anayeuza ng'ombe. Muone kwamba mnunuzi akitaja bei, mzee hamtazami mnunuzi, anamtazama ng'ombe. Fimbo ameipitisha mabegani, mikono ameitundika juu yake, uzito wote uko mguu mmoja. Bei ikiwa ndogo hasemi hapana. Anauliza habari za nyumbani kwa mnunuzi, upya, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Pesa zikishafika mkononi anahesabu mara mbili, anageuka pembeni, na zinapotelea wapi ndani ya nguo hutaona. Mkichukua hayo mawili matatu mkaingia nayo jukwaani, hamtahitaji lafudhi. Na atakayecheka, atacheka kwa sababu amemwona baba yake.

Hiyo ndiyo kazi ya nafasi ndogo. Steringi ana saa nzima ya kujieleza, wewe una dakika moja, kwa hiyo lazima uingie tayari ukiwa mtu: umetoka wapi, miguu inauma au haiumi, umekula au hujala. Balozi yule amebeba barua mbaya kwa jirani anayemfahamu tangu usichana wake. Ametembea nayo. Huenda alipita kwanza mahali akachelewesha makusudi. Hayo hayamo kwenye skripti, ni yako kuyatafuta, na hayahitaji hata sentensi moja ya nyongeza.

Mengine nayataja tu. Mistari ishike nyumbani, si kwenye daladala. Simu izimwe. Usimfundishe mwenzako kuigiza mbele ya dairekta. Chumvi kwenye sauti ya jukwaani ipunguze ukifika mbele ya kamera. Vaa nguo za mhusika siku mbili kabla, viatu hasa.

Na ninyi wenye shughuli, wa ofisi na wa kamati, msidhani leo nimewasahau. Mnatuita tuigize saa sita juani wakati mgeni rasmi hajafika, kisha king'ora kikisikika MC anakata mchezo mjane akiwa katikati ya kilio. Baadaye tunapewa soda na kuambiwa tumejitangaza. Wazazi nao wakiona hivyo wanasema kuigiza ni uhuni, na sina jibu zuri la kuwapa.

Kwa hiyo vijana, mkataba. Mzee Majuto alichekesha nchi hii miaka mingi, na alipokuwa anaumwa mwaka 2018 ndipo wizara ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Agosti ya mwaka huo huo akafariki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na hiyo hakishiriki inamhusu muigizaji, hata mwenye sentensi nne. Msisaini karatasi isiyotaja malipo, siku za kazi na picha yenu itatumika wapi na kwa muda gani. Mkiambiwa "tutaelewana", jueni hamtaelewana. Anayetaka kuona mkataba ninaotumia mimi aje nyumbani Kizota jioni, nitampa atoe kopi. Ila apige simu kwanza, na kopi ajilipie mwenyewe.

Mama yenu