Malandlodi watuachie uwanja wa watoto

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee juu ya sisi tunaolea watoto kwenye mizigo, hizi nyumba za chumba kimoja ama chumba na sebule zilizojaa Bwaise, Katwe, Kireka na kote Kampala na pembeni yake. Mimi na baba watoto tuna watoto wanne na tunakaa chumba na sebule, kwa hiyo ninayosema nayajua.

Kwanza watu wasituonee huruma bure. Nyumba ndogo ina faida na mimi naziona kila siku. Kodi ni nafuu, kinachobaki kinaenda kwa fizi ya shule, yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, wa elfu kumi unakaa siku nyingi kwa sababu ni balbu mbili tu na redio. Mtoto akikohoa usiku nasikia hapo hapo. Mkubwa wangu akiwa na jambo moyoni najua siku hiyo hiyo maana hana chumba cha kujifungia, tunakula sinia moja tunaongea, na wadogo wamejua kusoma kwa kumsikiliza tu dada yao akisoma kwa sauti. Nina ndugu yangu Namugongo kila mtoto ana chumba chake, huwa ananipigia simu kuniuliza wangu nafanyaje mpaka wananiambia mambo yao.

Ubaya wake pia upo, siwezi kuficha. Msichana akishakua na kaka yake naye anakua, kulala pamoja haifai kabisa, sisi tumeweka pazia na kitanda cha deka na usiku makochi yanasukumwa ukutani godoro linatandikwa sebuleni. Serikali inagawa neti kwa hesabu ya moja kwa watu wawili, sasa mwenye chumba kimoja azitundike wapi zote? Halafu kifua kikuu, mmoja akiwa nacho kwenye chumba kilichofungwa wote mnavuta hewa ile ile, ndio maana dirisha langu mchana halifungwi. Na mama wenzangu nawaomba sana, sigiri, jiko la mkaa, msiingize ndani usiku eti mvua imeleta baridi, ile gesi ya mkaa haionekani wala hainuki na imeshaua watu wakiwa usingizini.

Lakini hasa nimeandika kwa sababu ya uwanja. Chumba kidogo mtu anaweza kulea watoto vizuri kama nje kuna mahali. Wakati wa korona shule zilifungwa Machi 2020 na zikaja kufunguliwa kwa watoto wote Januari 2022, karibu miaka miwili, sisi tulivuka kwa sababu ya kauwanja kalikoko nyuma chini ya mfenesi, watoto walikuwa wanaruka kamba na kucheza mpira mpaka jioni. Wenzetu ng'ambo ya barabara mlango unafungukia mtaro wa maji machafu, wao watoto walishinda ndani kwa tivi ama barabarani katikati ya boda. Wazee wanaokumbuka esteti za Naguru na Nakawa zilizobomolewa 2011 muwaulize, nyumba zilikuwa ndogo lakini mtoto akitoka mlangoni alikuwa na pa kukimbia.

Siku hizi wengi wanapeleka mtoto wa P1, darasa la kwanza, bodingi kwa sababu nyumba haitoshi. Nawaelewa, ila mtoto wa miaka sita bado anamhitaji mama yake, na wengine wangebaki nyumbani kama kungekuwa na uwanja tu wa kupunguzia ile fujo ya ndani.

Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 imezuia kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka na inataka nyumba iwe ya kufaa binadamu, tunashukuru, lakini mtu akichimba msingi pale watoto wanapocheza nani anamuuliza? Landlodi wetu ameshamwaga matofali ya mizigo mingine sita huko nyuma. Tumemuomba ajenge minne tu, aache upande wa mfenesi, na tumekubali kuongeza kodi kidogo kila mmoja. Bado hajajibu. Wapangaji wenzangu mkiona lori la mchanga limeingia kwenu nendeni kwa landlodi siku hiyo hiyo, mchukue na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kwa sababu msingi ukishamwagwa hakuna atakayewasikiliza.

Mama wa watoto wanne,
Kireka.