Mdogo wangu, usiuze mikorosho ya mama

Mdogo wangu,

Juzi usiku uliponipigia nilikujibu kivivu: "Wakati wa Mungu ndio wakati sahihi." Ukanyamaza, kisha ukasema vocha inaisha. Najua vocha ilikuwepo. Nisamehe. Maneno yenyewe ni ya kweli, ila nilikutupia tu ili nirudi kulala.

Basi nakujibu upya, tena hadharani, maana si wewe peke yako ambaye vyeti vya ualimu vinazeekea kwenye bahasha ya kaki mwaka wa sita sasa. Unasema huko Lindi umempata mtu atakayekuingiza kazini ukimpa "ya soda". Soda ya milioni tatu! Na ili uipate, utauza fungu lako la mikorosho aliyotuachia mama hapa Masasi.

Nikuambie jambo ambalo hata shemeji yako hakulijua mwaka mzima. Mwaka 2018, mwezi wa saba, mikorosho ikiwa kwenye maua, niliuza kangomba, yaani nilimuuzia mlanguzi korosho kabla ya mavuno kwa bei ya kutupa. Mpwa wako alikuwa anadaiwa ada, nikaona Oktoba ya mavuno haifiki. Mnunuzi alikuja jioni, akakalia kigoda cha mama, akanihesabia noti kwa mwanga wa simu. Elfu moja kwa kilo, korosho ambayo haijafunga hata punje. Novemba ile ile Serikali ikatangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kuzibeba. Sikudanganyi, majirani waliopeleka ghalani nao walisubiri sana malipo. Lakini mimi sikuwa hata na cha kusubiria. Nilikaa uani nikibangua zile chache zilizobaki mpaka vidole vikababuka kwa mafuta yake.

Tangu hapo nikisoma Mwanzo 25 simcheki tena Esau. Tulizoea kumwona mlafi, mtu wa kuuza uzaliwa wa kwanza kwa mkate na dengu. Lakini sikiliza alichosema: yuko karibu kufa, haki hiyo itamfaa nini? Hakuwa anakufa. Njaa ndiyo ilimwambia anakufa, akaiamini. Na Yakobo, mdogo wake aliyeinunua haki hiyo, baba wa wanunuzi wa kangomba wote, alijua saa ya kumfikia.

Hata Ibrahimu alichoka. Aliondoka Harani ana miaka 75, Isaka akazaliwa yeye akiwa na 100. Katikati hapo wakatafuta njia ya mkato na Sara, na aliyekuja kuilipia jangwani, maji yameisha kiribani na mtoto analia, ni Hajiri, mjakazi waliyemtumia kupata mtoto. Hilo huwa halihubiriwi sana.

Ile Habakuki 2:3 uliyoibandika mlangoni, "ijapokawia, ingojee", rudi nyuma sura moja uone mwenyewe alianzaje: "Ee Bwana, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Kwa hiyo lia. Mlalamikie Mungu kwa jina lake. Watakaokuambia unakosa imani, wengi wao wana mshahara.

Unamkumbuka mama msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho? Saa kumi na moja alfajiri yuko shambani, upepo haujaamka, umande bado umo majanini ili unga ushike. Anarudi wa njano mpaka kope, anakohoa, anadai chai. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, haukumwonea huruma mwaka hata mmoja, naye hakuacha kupuliza. Ukimuuliza mwaka huu tutavuna magunia mangapi, anakujibu, "Mimi nimemaliza yangu," anageuza kikombe.

Endelea kutuma maombi kila nafasi zikitangazwa. Wale watoto unaowafundisha jioni pale kanisani usiwaache, hata kama wazazi wanalipa kwa mihogo. Huyo wa soda mwambie huna. Fungu ni lako, siwezi kukufunga mikono, ila kabla ya kuuza mpigie mjomba, umsikie atakavyoanza.

Jumamosi tunapuliza. Nauli nakutumia kesho. Njoo na shati la mikono mirefu na kitambaa cha kufunga puani, na usichelewe kuamka. Mashine ni ya kuazima, mwenyewe anaitaka saa tatu.

Dada yako.