Anayehesabu «euh» yupo, anayepima ukweli yuko wapi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu niseme neno kuhusu klabu ambamo vijana wetu wa Bukavu hujifunza kuhutubia. Hivi karibuni nilialikwa kwenye mojawapo, huku Ibanda, jioni ambayo hotuba zote zilihusu mazingira. Jina lake naliacha, kwa kuwa neno langu linazihusu klabu zote za aina hiyo.

Utaratibu wao naupenda. Mtindo huo unatokana na Toastmasters, mtandao wa klabu za kuhutubia aliouanzisha Ralph Smedley mwaka 1924 kule Santa Ana, California: hotuba iliyoandaliwa dakika tano hadi saba, ya papo kwa papo dakika moja au mbili, kisha kadi ya kijani, ya njano na nyekundu kumwonyesha msemaji jinsi muda wake unavyokwisha. Yupo mtunza saa, yupo msikilizaji wa sarufi, yupo hata anayehesabu kila «euh» inayomponyoka msemaji. Katika mji ambamo mkutano wa saa nane huanza saa kumi, kumwona mtu mzito akikatizwa na kijana mwenye saa mkononi ni burudani ya pekee.

Ila jioni ile hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza kama yaliyosemwa ni kweli.

Aliyeshinda ni kijana mwenye sauti nzuri na mikono inayojua pa kwenda. Aliitaka serikali itunge sheria ya kupiga marufuku masashe, yaani mifuko ya plastiki. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Lakini sheria hiyo ipo! Ni dekrei ya tarehe 30 Desemba 2017, na inakataza kuyatengeneza, kuyaingiza nchini, kuyauza na kuyatumia. Msilione hili kuwa kosa dogo. Anayedai sheria ambayo tayari ipo anamfungulia kiongozi mlango wa nyuma: atajibu kwamba wazo ni zuri, litafikiriwa, na yeye pia atapigiwa makofi. Anayejua kwamba ipo angemuuliza kwa nini imelala, wakati pale soko la Kadutu nyanya zinafungwa kwenye sashe nyeusi mchana kweupe. Angemuuliza pia wenzetu wa Rwanda wamewezaje, kwa maana wao walipiga marufuku mwaka 2008, na ukivuka mto Ruzizi na sashe mkononi inabaki mpakani.

Mwingine alitutisha kwamba ziwa Kivu litalipuka siku mvuvi akidondosha kiberiti. Gesi ipo, tena nyingi: metani pamoja na kaboni dioksidi. Lakini imeyeyuka ndani ya maji ya kilindi na inashikiliwa huko na uzito wa maji yaliyo juu yake. Hatari ya kweli ni kwamba maji hayo ya chini yapande juu kwa ghafla na kuiachia gesi, kama ilivyotokea ziwa Nyos, Kameruni, mwaka 1986, ambako watu wapatao 1,700 walikufa kwa kukosa hewa. Kiberiti hakihusiki. Na yule aliyeisifu sambaza kuwa samaki wa ziwa letu tangu enzi za mababu namsamehe, kwa kuwa sahani yangu inamuunga mkono, lakini sambaza ililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sasa nimseme binti aliyeshika mkia. Alikuwa anatetemeka. Alisema «euh» mpaka mhesabuji akachoka, na kadi nyekundu ikamkuta katikati ya sentensi. Hata hivyo ndiye peke yake aliyetuonyesha jinsi mambo yanavyoshikana. Mji wetu umejengwa kwenye miteremko, alisema. Chupa na sashe zinazotupwa kwenye makorongo ya Kadutu na Bagira husombwa na mvua mpaka ziwani. Ziwa lina njia moja tu ya kutokea, nayo ni Ruzizi. Kilomita chache tu kutoka hapo kuna bwawa la Ruzizi ya kwanza, linalotupa umeme tangu kabla ya uhuru. Taka zinaziba milango ya maji, mashine zinasimamishwa ili mafundi wazitoe, umeme unakatika. Umeme ukikatika tunawasha mbabula, jiko letu la mkaa, tunanunua makala, yaani mkaa wenyewe, na miti ya milimani inaendelea kukatwa. Mvua inayofuata inakuta udongo usio na mizizi, na nyumba zinaporomoka.

Aliyemtathmini alimwambia afanye mazoezi ya kupumua na awatazame watu machoni. Ushauri mzuri. Juu ya bwawa hakusema kitu.

Pendekezo langu halina gharama. Jioni ikiwa na mada maalumu, mwanachama mmoja apewe kazi ya kupima ukweli. Apelekewe hotuba mapema, asome, aulize wanaojua, na mwishoni apewe dakika tatu kama watathmini wengine, kabla ya kura kupigwa. Asiyesimamia vizuri habari zake apoteze alama, hata kama sauti yake ni asali. Kwenye hotuba za papo kwa papo, ambako mtu hana muda wa kutafuta, atakayesema «hapa sina hakika» asipunguziwe chochote. Nadhani hilo la mwisho ndilo litakalokuwa gumu zaidi, kwani tumezoea kuona aibu kulisema.

Nimesikia kwamba jioni nyingine kama hiyo itahusu Kahuzi-Biega. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Wambuti (Batwa) waliokuwa wakiishi msituni wakaondolewa. Atakayesimama na kutuambia kwamba ulikuwa msitu mtupu wa sokwe, pawe na mtu wa kumsahihisha usiku uleule, na muda wake uwe umeandikwa kwenye programu.

Mwalimu mstaafu,
Ibanda, Bukavu