Sindano ya anti-D ipatikane palepale mama anapojifungulia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wanaosimamia afya ya mama na mtoto hapa Kilimanjaro suala ambalo, kwa miaka yote niliyofanya kazi ya ukunga, nimeliona likipewa uzito mdogo kuliko linavyostahili, nalo ni la mama mwenye damu ya resus hasi, yaani chembe zake nyekundu za damu hazina protini iitwayo D, anayebeba mimba ya mtoto mwenye resus chanya, ambaye protini hiyo anayo.

Akina mama hao ni wachache miongoni mwetu, na pengine ndiyo sababu wanasahaulika. Baba akiwa chanya, mtoto anaweza kurithi damu yake. Na wakati wa kujifungua, au mimba inapoharibika, damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama, ambaye mwili wake huiona ngeni na kutengeneza kingamwili za kuishambulia. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Wanaoumia ni wanaomfuata, kwani kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe nyekundu za damu ya mtoto, naye huzaliwa amepungukiwa damu, macho yakigeuka manjano siku ileile ya kwanza, au hufia tumboni akiwa amevimba mwili mzima. Mama mwenyewe hasikii homa wala maumivu. Ndiyo maana mwanamke anayepoteza watoto mfululizo huambiwa amerogwa au ana mkosi, na wapo walioachwa na waume zao kwa sababu hiyo.

Kinga ipo, na imetumika duniani tangu mwaka 1968. Sindano ya anti-D hutolewa mimba ikiwa na wiki 28, kisha tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni chanya. Kingamwili zikishajitengeneza, sindano hiyo haimsaidii tena.

Binti wa ndugu yangu alihudhuria kliniki bila kukosa, lakini kadi yake iliandikwa herufi O peke yake, bila alama ya hasi wala chanya. Ilijulikana kuwa ni hasi baada ya kujifungua, alipohitaji kuongezewa damu, na mumewe akaambiwa akaitafute dawa mwenyewe. Alizunguka maduka ya dawa ya mjini Moshi bila mafanikio, akaipata Arusha, akarudi nayo ndani ya boksi la barafu, maana dawa hiyo huhifadhiwa kwenye jokofu kwa nyuzi 2 hadi 8. Walibakiwa na saa chache tu. Najiuliza ingekuwaje kwa familia isiyo na nauli, achilia mbali bei ya dawa yenyewe.

Naomba kila mjamzito apimwe kundi la damu pamoja na resus katika hudhurio la kwanza, majibu yaandikwe kikamilifu na aelezwe maana yake, na mume wa aliye hasi apimwe pia, kwa kuwa wote wawili wakiwa hasi hakuna la kuhofia. Hospitali zinazozalisha ziwe na dawa hii kwenye jokofu lao wakati wote. Vilevile asiachwe nyuma aliyeharibikiwa na mimba au aliyetunga mimba nje ya kizazi: naye anaihitaji ndani ya saa hizohizo 72, lakini wengi huruhusiwa kurudi nyumbani bila yeyote kuuliza kundi lao la damu.

Mkunga mstaafu,
Moshi