Risala ya Wanachama wa Chama cha Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwaenzi Viongozi na Wanaojitolea

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati Tendaji,
Wanachama wenzetu na wanafunzi wa taaluma yetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunafahamu kwamba barua ya kwanza uliyoipata ilikosewa tarehe, ikabidi tukutumie nyingine. Utuwie radhi. Aliyeiandika aliiandika saa sita usiku baada ya kutoka zamu, naye ni mmoja wa wale tunaowaenzi leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu ni ngumu kuieleza. Wengi hutuchanganya na wenzetu wa fiziotherapia, na tumeshazoea. Sisi tunaanzia kwenye shughuli zenyewe: kuoga, kula, kuandika, kurudi kazini, mtoto kucheza na wenzake. Aliyepatwa na kiharusi akalegea mkono tunamfundisha kuvaa shati kwa kutanguliza mkono ulio dhaifu, na wakati wa kuvua, mkono huo huo uwe wa mwisho kutoka. Inaweza kuchukua wiki nyingi. Siku akifunga kifungo cha mwisho anageuka na kusema, "Nimevaa mwenyewe." Hatutaji, na hatutaki atutaje.

Viongozi na wanaojitolea katika chama hiki wanaishi hivyo hivyo. Mkutano ukienda vizuri, hakuna anayeuliza nani alipanga viti, nani aliandika muhtasari, nani alimpigia simu mtoa mada mara nne. Ukiharibika, ukumbi mzima unamjua mwenye kosa.

Hata waasisi wa taaluma hii hawakuwa wengi. Machi 1917, watu sita walikutana Clifton Springs, New York, wakaunda chama cha kwanza cha kitaifa cha tiba kwa vitendo nchini Marekani. Aliyewakusanya, George Edward Barton, hakuwa daktari bali msanifu majengo aliyekuwa ameugua kifua kikuu na kupooza upande wa kushoto. Yeye ndiye aliyechaguliwa rais, na ndiye anayetajwa darasani. Isabel Newton, aliyechaguliwa katibu siku ile, hatajwi sana. Eleanor Clarke Slagle, makamu wa rais, alibahatika zaidi: alikuja kuwa rais, kisha akawa katibu mtendaji kwa miaka mingi hadi 1937, na mhadhara wa heshima wa chama hicho unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Tunalisema hili kwa sababu makatibu wetu watatu wanaopokea vyeti leo wako upande wa Newton.

Kuna kundi jingine ambalo hata sisi wanachama tunalisahau. Shirikisho la dunia la taaluma yetu, lililoanzishwa 1952, linataka mwanafunzi apate angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo kabla ya kuhitimu. Saa hizo hazijisimamii. Ni lazima awepo mtaalamu ambaye, akishamaliza wagonjwa wake, anabaki na mwanafunzi kwenye beseni la maji ya moto, plastiki ya kutengenezea gango la kuushikilia mkono ikilainika, akimwonyesha namna ya kuitoa, kuifuta maji, na kuigusisha kwanza kwenye ngozi yake mwenyewe kupima joto kabla ya kuilaza juu ya mkono wa mgonjwa. Mwanafunzi akisahau hatua hiyo, anarudishwa mwanzo. Wasimamizi wetu wengi hawalipwi hata senti kwa kazi hii, na baadhi yao wanaingoja nauli ya mkutano uliopita.

Hapo tusifichane. Siku ya uchaguzi chama ni cha wote. Wiki inayofuata kinabaki mikononi mwa watu sita au saba, na ni wale wale. Mweka hazina anawaomba watu wazima ada ya mwaka kana kwamba anakopa. Wapo waliokaa uongozini vipindi viwili mfululizo si kwa kupenda madaraka, bali kwa sababu fomu za kugombea zilirudi tupu. Kuwaenzi watu hawa huku tukiwaacha wabebe mzigo ule ule peke yao ni dhihaka, na lawama hiyo ni yetu wanachama.

Kwako Mheshimiwa Mgeni Rasmi tuna maombi mawili. La kwanza, utusaidie kuzungumza na waajiri, ili kiongozi anapokwenda kwenye shughuli za chama siku hizo zisikatwe kwenye likizo yake. La pili, usimamizi wa wanafunzi uhesabiwe katika tathmini ya utendaji kazi, kwa kuwa ni kazi. Fedha hatuombi leo, ingawa ukizitaja hatutakukatiza.

Baada ya risala hii tutakuomba ukabidhi vyeti. Kila jina litasomwa pamoja na kazi aliyoifanya mhusika, kwa hiyo tunaomba uvumilivu wenu. Orodha si fupi. Wa kwanza ni mratibu wetu wa kujitolea. Kwa sasa hayumo ukumbini, yuko mlangoni akiandikisha waliochelewa, na amekataa kumwachia mtu mwingine daftari. Tumemtuma mtu akamwite. Tunaomba umsubiri kidogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanachama